Mtani Aliyekosea Mtu

Vijana wangu wa ofisini Iyunga, mliniaga kwa keki, doti ya khanga na hotuba iliyonisifu kwa mambo mengi ambayo sikuyafanya. Kisha mkaniomba niandike kidogo kuhusu kazi, ili mnaobaki mpate pa kuanzia. Niko Kihesa sasa, baridi ya Iringa imekamata magoti, bustani imenishinda, kwa hiyo sina kisingizio. Vyeo nitaviruka. Mishahara pia nitairuka, maana mnaijua na hakuna haja ya kuharibiana siku.

Kwa msomaji asiyetujua, mimi naitwa Atuganile, na nilikuwa katibu wa uhariri wa jarida dogo la sayansi ya kilimo linalotoka Mbeya. Mtafiti akimaliza utafiti wake anauandika makala na kutuletea. Hatuichapishi kwa kuwa tu ameileta. Tunawapa watafiti wengine wawili wanaoijua mada hiyo, waisome kwa jicho kali, waseme inafaa, irekebishwe au ikataliwe. Hao ndio wahakiki, na hawalipwi chochote. Mwandishi haambiwi nani anamkagua, na mhakiki haambiwi anamkagua nani. Mimi nilikaa katikati nikiwajua wote, na kazi yangu kubwa ilikuwa kufunga mdomo. Hata humu majina ya watu nimeyabadilisha, na wawili wanaohusika zaidi wameisoma habari hii kabla yenu wakasema sawa, iende.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, nikidhani ofisi ya wasomi itakuwa na zulia. Ilikuwa na sakafu ya saruji, meza mbili, mashine ya kurudufu iliyokohoa kabla ya kufanya kazi, na Profesa Mgaya, mhariri mkuu, Mbena mrefu aliyevaa sweta moja mwaka mzima. Alinipa makala na wembe.

"Mama, unajua kukata?"

"Kukata nini, Profesa?"

"Majina. Wino mweusi haufai. Ukiinua karatasi dirishani jina linasomeka."

Nilikata jina la mwandishi ukurasa wa kwanza, nikajiona hodari. Profesa akafungua ukurasa wa mwisho, akanionyesha mahali mwandishi anapomshukuru mke wake kwa jina, pamoja na kwaya ya usharika wake. Mwenye mke huyo na kwaya hiyo, nyanda za juu nzima, alikuwa mmoja. Nikakata na shukrani. Ndani nikakuta "kama tulivyoonyesha katika kazi yetu ya awali," nikakata. Halafu kulikuwa na picha ya mahindi, na katikati ya mahindi amesimama mwandishi mwenyewe na kofia yake, anatabasamu. Miaka ile nilikata vichwa vya wanaume wengi wenye heshima zao.

Makala zilisafiri kwa basi ndani ya bahasha, na mimi nilisafiri kwa simu kuzifuata. Mhakiki aliyekubali kwa furaha Jumatatu hupotea kama mvua ya Juni. Yuko shambani, yuko msibani, anasahihisha mitihani. Mmoja alinirudishia makala ya watu ikiwa na hesabu za kujumlisha upande wa nyuma, kazi ya mtoto wake wa darasa la pili, nyingi amekosa. Nilichojifunza ni hiki, na bado kinafaa hata kwa barua pepe: mpigie asubuhi, msalimie mpaka salamu ziishe zenyewe, uliza wazazi, uliza mahindi yamefikia wapi, na usitaje makala. Ataitaja yeye, kwa aibu. Mkimwandikia "kumbusho la tatu" kama ule mfumo wenu wa kompyuta unavyofanya, anakasirika, na akikasirika anakuwa na haki.

Lakini ucheleweshaji haukuwa ugonjwa wetu mkubwa. Ugonjwa ulikuwa heshima. Kata jina upendavyo, watafiti wa huku ni wachache, wamesoma shule zilezile na kuoleana, na mtu akisoma kurasa mbili tayari anamhisi mwenzake. Akimhisi kuwa ni mkubwa wake, kalamu inapiga magoti. Nakumbuka makala moja iliyodai mavuno ya mahindi ambayo, kama yangekuwa kweli, kila bua lingelala chini kwa uzito. Maoni ya mhakiki yalikuwa mstari mmoja: kazi nzuri, Mungu aendelee kumbariki mwandishi. Nilipomuuliza baadaye kwa mdomo, alishusha sauti.

"Nilihisi ni mzee fulani. Kanifundisha yule, mama. Ningemwambia amekosea kuhesabu, ningemsalimiaje kanisani?"

Tulijaribu wahakiki wa nchi za mbali, wasiojua kanisa letu. Wakaleta maoni makavu ya sentensi mbili, na waandishi wetu wakaugua. Mwandishi mmoja hakunisalimia msimu mzima wa masika, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika.

Dawa Profesa Mgaya aliikuta msibani. Alikwenda kumzika rafiki yake kijijini huku Iringa, na wakati wa kutoa jeneza akatokea mtani, akajilaza kukingama njia, akakataa mwili usipite mpaka aletewe jogoo. Huku amelala akawa anamsema marehemu na ukoo wake: bahili, hakuziba paa linalovuja, watoto wamemwiga. Waombolezaji wakacheka na machozi yao. Hakuna aliyenuna, maana kwa watani kununa ni mwiko. Profesa alirudi ofisini hajavua hata koti la safari.

"Atu, tumekuwa tukiwatafuta wahakiki vibaya. Paa lile lilikuwa linavuja miaka yote na sisi marafiki tunaliona. Aliyesema ni mtani."

Tangu siku hiyo, kila ilipowezekana, makala ya Mngoni aliipeleka kwa Mhehe na ya Mhehe akaipeleka kwa Mngoni, maana makabila hayo yalipigana zamani na sasa wajukuu wanalipizana kwa maneno. Makabila mengine pia alikuwa na hesabu yake kichwani, nani mtani wa nani, kama fundi anayejua spana ipi inaingia wapi. Majina tuliendelea kukata. Lakini mhakiki akihisi kwamba upande wa pili yuko mtani, woga unamtoka. Maoni yakaanza kuja marefu, makali, yenye kuchekesha, na makala zetu zikapona. Najua mtasema hili halimo katika mwongozo. Halimo kweli. Mwongozo uliandikwa na watu wanaoweza kumwambia mwalimu wao "umekosea" na kesho wakanywa naye chai.

Sasa nifike kwa Sekela, ambaye ndiye hasa nilitaka kumwandika.

Sekela alikuwa mtafiti kijana pale Mbeya, Mnyakyusa wa Tukuyu, wa mkataba wa muda. Nafasi ya masomo ya uzamivu ilikuwa imemwangukia, kwa sharti moja: awe na makala iliyokubaliwa na jarida kabla ya muhula kuanza. Bila hiyo nafasi inapewa mwingine, mkataba unaisha, naye anarudi nyumbani kumsaidia mama yake katika duka la pembejeo. Si vibaya kuuza mbolea, aliniambia, ila yeye alitaka kujua kwa nini mbolea nyingine haifanyi kazi.

Makala yake ilihusu mnyauko wa viazi katika vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo watu wa Iringa hulima kiangazi kando ya vijito. Kiazi kinakuwa kizuri, kijani, kesho kimelegea kama kimemwagiwa maji ya moto. Ukikata shina ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, uzi mweupe kama maziwa unateremka polepole. Huo ni ugonjwa wenyewe unatoka. Sekela aliandika kwamba ugonjwa unaletwa na maji ya kijito, unatoka kinyungu hiki kwenda kingine kwa mifereji. Alikuwa amepima maji kwenye vinyungu vingi, amechora ramani kwa mkono wake, na nilivyoiona mimi nisiyejua sayansi, nilimpenda mtu aliyechora ile ramani.

Mjuzi wa mnyauko kuliko wote huku kwetu ni Daktari Kalinga, Mhehe wa Iringa, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Profesa akasema apelekewe yeye. Mtani mkubwa wa Kalinga katika fani hiyo ni Daktari Ngonyani, Mngoni wa Songea, mzee mwenye kofia asiyeivua hata ndani ya nyumba. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Sekela alikuwa amejifunza kwa Ngonyani namna ya kuchukua maji na kuyapima, na akaandika kwa namna ileile. Kalinga aliposoma ukurasa wa pili akaona mkono wa Ngonyani. Akafurahi, akakunja mikono ya shati.

Wakati huo tulikuwa tumeingia kwenye mfumo wa mtandaoni kwa miezi michache tu. Zamani maoni yalipita mezani kwangu kwanza, na ya watani nilikuwa nayapunguza chumvi kwa ruhusa ya Profesa. Mfumo mpya ulimpelekea mhariri mkuu moja kwa moja kwenye simu. Profesa alikuwa Rungwe msibani, amekaa kwenye benchi na wanaume wenzake, simu ikalia, akaona jina la Kalinga, akamwamini kama alivyomwamini siku zote, akabonyeza. Maoni yakaenda kwa mwandishi kama yalivyo.

Kesho yake asubuhi Sekela aliingia ofisini na karatasi mkononi. Macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Keti."

Hakuketi. "Mama, mimi nimeiba ng'ombe wa nani?"

Nilichukua karatasi nikasoma. Kalinga alikuwa ameandika sayansi kwa Kiingereza na utani kwa Kiswahili, maana siku zote alidai kwamba utani wa Kiingereza hauumi. Alianza hivi: "Mwandishi huyu namfahamu. Babu zake walikuja kuiba ng'ombe wakakimbizwa, sasa mjukuu amerudi na chupa kuiba maji ya watu. Mimi nimelala njiani. Makala hii haipiti mpaka nione jogoo."

"Anataka rushwa," Sekela akasema. "Nimpe jogoo ndiyo ipite. Sawa, hilo ningelipeleka kwenye kamati ya maadili, basi. Lakini mama, habari za babu amezitoa wapi?"

"Babu yupi?"

Ndipo akaketi, akaniambia. Babu yake mzaa baba aliwahi kusingiziwa wizi wa ng'ombe. Baadaye ng'ombe walionekana, walikuwa wamepotea tu, lakini maneno hayakurudi nyuma, na ukoo ukahama kijiji. Baba yake alikua akiitwa mtoto wa mwizi. Hilo jambo halisemwi nyumbani kwao. Na sasa limekuja limeandikwa kwenye karatasi yenye nembo ya jarida.

"Nyie mlisema majina yanafichwa," alisema, sasa analia waziwazi. "Mwe! Mtu kanifuata mpaka kaburini kwa babu. Ifuteni makala yangu mama. Siitaki tena. Naenda nyumbani."

Nilimwonea huruma. Kalinga nilimkasirikia, Profesa nikamkasirikia, na ile kompyuta nikaitazama vibaya. Lakini shida yangu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Kumtuliza kulihitaji sentensi moja tu: aliyeandika ni Mhehe, alidhani wewe ni Mngoni, ni watani. Na sentensi hiyo sikuwa na ruhusa ya kuisema. Wahehe wanaojua mnyauko wa viazi wako wangapi? Ningekuwa nimemtaja Kalinga kwa jina, ubini na picha. Siku nitakapotaja mhakiki mmoja, hakuna mwingine atakayeniandikia ukweli.

Nilitoka nje nikampigia Profesa. Nilisikia nyimbo za msiba nyuma yake. Nilimsomea.

"Nilibonyeza bila kusoma," alisema. "Mwambie hivyo, kosa ni langu. Na mwambie ukweli wote usio na jina ndani yake."

Nikarudi. "Sekela, mhariri mkuu anasema hayo yalipaswa kuzuiwa na yeye, na anakuomba radhi. Aliyeandika hakujui. Alidhani makala ni ya mtu mwingine, mtani wake. Jogoo ni jogoo wa msibani, si rushwa."

Alinitazama kama anavyotazama sampuli. "Ushahidi?"

Mnaona sasa? Analia, na bado anadai ushahidi. Nikajua huyu dukani hatarudi kama mimi nina uwezo.

"Umesoma mpaka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye jogoo. Nikaacha."

"Endelea kusoma. Kwa sauti."

Akapangusa macho, akatafuta mstari. "Mwandishi aache kujificha chini ya kofia yake. Sote tunajua kwamba chini yake kuna..." Akasimama. "Kuna upara unaong'aa kuliko bati jipya."

Sekela alikuwa amesuka rasta mpaka mgongoni. Nilimwona mkono unapanda wenyewe kugusa kichwa.

"Una upara wewe?" nikamuuliza.

Alicheka. Kicheko kilitoka pamoja na kamasi, akaomba tishu, akacheka tena. "Kwa hiyo babu..."

"Babu yako hamjui. Hata wewe hakujui. Amemlenga mtu mwingine, jiwe likakuangukia wewe."

Alikaa akivuta pumzi. Sikumharakisha. Nilimtengenezea chai ya rangi yenye tangawizi, na alipofika nusu kikombe aliichukua ile karatasi mwenyewe akaendelea, safari hii kimyakimya, akiruka utani. Nilimwona amefika kwenye Kiingereza. Uso ukabadilika. Akarudia mistari ileile.

"Mama," alisema taratibu, "hili hapa ni kweli."

"Lipi?"

"Anasema nimepima maji ndani ya vinyungu na chini yake. Juu ya kinyungu cha kwanza kabisa, kule kijito kinakotoka mlimani, sikupima. Kwa hiyo siwezi kujua kama maji ndiyo yanaleta ugonjwa shambani, au shamba ndilo linayapa maji ugonjwa." Akaweka kikombe chini. "Nimezunguka bonde lile kiangazi kizima, na pale juu sikupanda. Kulikuwa na mwinuko na nilichoka."

"Sasa?"

"Sasa nipande."

Kiangazi kilikuwa bado hakijaisha. Aliondoka ofisini bila kuniaga vizuri, na ile makala hakunikumbusha tena kuifuta.

Kalinga nilimpigia siku ileile. Nilimsalimia mpaka mwisho, nikauliza na mahindi, kisha nikamwambia mwandishi si yule anayemdhani.

"Si Ngonyani?"

"Siwezi kukuambia ni nani, Daktari. Naweza kukuambia kwamba si mtani wako, na kwamba alilia."

"Mungu wangu. Ni mzee?"

"Siwezi kukuambia."

"Ni mwanamke?"

"Daktari."

"Basi nimemtukana mtu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Ukimwambia mtani wako mwizi wa ng'ombe, umemheshimu. Ukimwambia asiye mtani, umemvunjia utu, na Mhehe hulibeba jambo hilo kama mzigo wa kuni. Siku ya tatu aliandika maoni upya, sayansi tupu, na chini yake akaomba radhi kwa mtu asiyemjua, kwa lugha ambayo ilinifanya nivue miwani niifute. Nilimsomea Sekela kwa simu akiwa bondeni. Nilisikia maji yakipita.

"Mwambie nimepokea," alisema. "Na mwambie nimepanda."

Kule juu kwenye mwinuko maji yalikuwa safi. Hayakuwa na ugonjwa hata kidogo. Ugonjwa ulianza pale kinyungu cha kwanza kilipogusana na kijito, na Sekela alipokaa pale siku nzima akitazama aliona sababu. Ndipo mahali ambapo watu wa bonde zima huleta viazi vyao kuoshwa kabla ya kwenda sokoni. Maji ni mengi, kuna mawe mazuri ya kukalia, stori zinanoga. Vilivyooza wanavitupa palepale, na kijito kinavigawa kwa kila mtu chini. Makala yake ya kwanza ilikuwa inawaambia wakulima kwamba adui ni maji, jambo ambalo mkulima hawezi kufanya lolote nalo. Ya pili ilisema hamisheni mahali pa kuoshea, chimbeni shimo la kufukia vilivyooza. Kinamama wa bonde lile walipoelezwa walibishana kutwa nzima kuhusu mawe ya kukalia, kisha wakahamia kisimani, mbali na kijito.

Mhakiki wa pili aliikubali. Kalinga aliikubali. Profesa safari hii alisoma kila neno, na baada ya kusoma akanipa mimi nisome, halafu ndipo akabonyeza. Barua ya kukubaliwa ilimfikia Sekela muhula ukiwa haujaanza. Alinitumia ujumbe wa neno moja, "Ndaga," ambalo kwetu Unyakyusani ni asante, na nililia kidogo pale mezani. Bosi wa fedha akadhani nimefiwa.

Hadithi ingeishia hapo kama Kalinga angekuwa mtu wa kukaa na jambo moyoni. Mwaka uliofuata tulifanya mkutano wa watafiti pale Mbeya, Sekela akasimama kueleza habari za mahali pa kuoshea viazi. Alieleza vizuri, bila woga, na ramani yake ikaonyeshwa ukutani. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na chai. Wakati wa maswali Kalinga akainuka. Mhakiki ana ruhusa ya kujitaja mwenyewe akitaka, ni mimi tu nisiyeruhusiwa kumtaja.

"Mimi sina swali," alisema. "Mimi ndiye niliyemwandikia huyu binti habari za ng'ombe. Nilidhani ni yule pale mwenye kofia." Ukumbi ukageuka kumtazama Ngonyani, ambaye alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Binti, nilikuomba radhi kwa karatasi. Leo naomba kwa mdomo, mbele ya hawa."

Mzee wa umri ule, daktari, mbele ya wanafunzi wake. Watu hawakujua wacheke au wanyamaze. Sekela alishuka jukwaani, akaenda mpaka alipokaa, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwetu.

"Shikamoo baba. Yaliisha kule kule bondeni. Ila nina makala nyingine naiandika, na ningeomba uisome wewe."

Nikasimama kule nyuma, nikasema kwa sauti kwamba mwandishi hachagui mhakiki, ukumbi mzima ukanicheka. Basi. Makala ilipokuja, na mjuzi wa mada ni yuleyule, Profesa alinitazama, mimi nikamtazama, tukaipeleka kwa Kalinga. Alirudisha haraka, maoni mapole, aya mbili za sifa, koma moja amesahihisha. Sekela alinipigia siku hiyohiyo, bila salamu ndefu.

"Mama, huyu baba amenionea aibu. Mrudishie asome kweli, aniambie nilipokosea."

Nikamrudishia.